Heda za Datsun 240Z: pima injini yako kwanza, pesa tuma baadaye

Manifoldi ya moshi ya asili ya 240Z, ile inayokusanya moshi kutoka kwa injini, ikipasuka utaisikia asubuhi ukiwasha gari, inapiga tik tik tik kama cherehani, halafu injini ikipata moto sauti inapungua manake chuma kimetanuka na ufa umejifunga, basi mtu anajiambia aah itakaa, na haikai. Wiki mbili tatu harufu ya moshi inaingia ndani, bati la chini ya kabureta linaanza kuwa jeusi, na hapo ndo mtu anaingia mtandaoni kutafuta heda, yaani manifoldi ya moshi iliyotengenezwa kwa mabomba. Anaona picha, mabomba sita yanang'aa, pembeni imeandikwa 240Z 260Z 280Z, anatuma pesa. Hapo ndo shida inaanza.

Nayasema haya kwa sababu yamenipata. Gari yangu ni ya 1972, usukani kulia, niliachiwa na ami yangu hapa Mombasa, na heda ya kwanza niliyoagiza ilikaa miezi minne ukutani haijafungwa. Muuzaji aliniuliza kitu kimoja tu, gari ni ya mwaka gani, nikamjibu, akatuma. Ilipofika fundi akaishika, akaiweka kwenye hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye matundu ya moshi, akaitoa, akaiweka tena, akaniambia, "Mwanangu, hii heda haina ubaya, ila ni ya injini nyingine." Alikuwa kasema kweli. Hizi gari zina zaidi ya miaka 50, zimepita mikono mingi, hedi zimebadilishwa, bloku, yaani miili ya injini, zimebadilishwa, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye logbuku haukwambii lolote kuhusu kitu kilicho chini ya boneti leo. Heda inachaguliwa kwa injini uliyonayo, jina la gari liweke pembeni.

Basi anza na injini. 240Z ilitoka na L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2393. 260Z ikaja na L26 ya cc 2565, 280Z ikaja na L28 ya cc 2753. Kwa nje ni ndugu wa tumbo moja, L28 inakaa mahali pa L24 bila kukatakata gari, na L28 hiyohiyo ilifungwa pia kwenye Nissan Patrol ya 160, kwa hiyo huku kwetu ukikuta Z imevaa injini iliyotoka kwa Patrol usishangae. Angalia upande wa kulia wa bloku, kuna pahali pamepigwa herufi, L24 au L26 au L28, halafu namba. Chukua brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo na tochi, mafuta ya miaka hayaondoki kwa kitambaa.

Ila bloku peke yake haitoshi, kikubwa kwa heda ni hedi. Upande wa plagi kwenye hedi utaona herufi zimechomoza kwenye chuma chenyewe, zile za kumiminwa kiwandani, E31 au E88 kwa 240Z nyingi, N42 kwa 280Z za mwanzo, N47, P79, P90 kwa zilizokuja baadaye. Andika hiyo namba mahali, hiyo ndo namba muhimu kuliko zote kwenye hii kazi. E31, E88, N42 na P90 matundu yake ya kutolea moshi ni ya mraba. N47 na P79 matundu ni ya duara, na ndani yana shati la chuma, yaani bomba jembamba la chuma lililowekwa ndani ya alumini ili moshi utoke ukiwa bado na moto. Heda zinazouzwa nazo ziko hivyohivyo, kuna za mraba na kuna za duara, na wauzaji wengine wala hawaandiki ni ipi, wanakuandikia tu inaingia Z zote.

Sa mtu atauliza, kwani ikiwa tofauti kidogo kuna nini? Kuna kanuni moja hapo ambayo haina mjadala, mdomo wa heda usiwe mdogo kuliko tundu la hedi. Moshi ukitoka kwenye tundu dogo ukaingia kwenye bomba kubwa kidogo hakuna neno, unapita. Ukitoka kwenye tundu kubwa ukakutana na ukingo wa bomba dogo unagonga ukuta, unarudi nyuma, na pale kwenye pembe panakuwa moto mno, gasketi inaungua pale pale kila mara. Hedi ya mraba ukiifunga heda ya duara ndo unapata hizo pembe nne kila tundu, mara sita. Kinyume chake, hedi ya duara na heda ya mraba, moshi utapita lakini lazima uhakikishe flenji, lile bamba la heda linalobanwa kwenye hedi, bado ina nyama ya kutosha kuizunguka gasketi, ikiwa imebaki ukanda mwembamba itavuja.

Na usiamini namba ya hedi peke yake hata kama umeisoma vizuri, manake kuna mafundi wa zamani walipanua matundu kwa grenda wakitafuta nguvu. Njia niliyoitumia mimi ni ya karatasi. Ukishatoa manifoldi, safisha uso wa hedi, kata kipande cha boksi gumu kirefu, kiegemeze pale penye studi, zile bolti zilizochomoza kwenye hedi, mpaka kikae, halafu sugua kwa kidole chenye grisi chafu kuzunguka kila tundu, mchoro wote unatokea, matundu, studi, umbali kati yao. Toa boksi, pima kwa vernia, kile kipimo cha meno, andika namba juu yake. Hilo boksi ndo linapigwa picha na kutumwa kwa muuzaji, na muuzaji mwenye mali ya kweli atakujibu kwa vipimo vya heda yake. Anayejibu "itaingia tu kaka", mwache.

Hapa nataka nikae kidogo manake ndo jambo ambalo sikuambiwa na mtu na watu wengi wanaumia nalo: unene wa flenji.

Injini za L zina tabia moja, hewa inaingilia na moshi unatokea upande mmoja wa hedi, ule wa kushoto. Manifoldi ya kabureta iko juu, ya moshi iko chini yake, zinatumia gasketi moja, na baadhi ya nati za katikati zinabana zote mbili kwa pamoja kwa kutumia washa nene, nusu ya washa imelala kwenye flenji ya kabureta, nusu imelala kwenye flenji ya moshi. Fikiria hiyo washa. Flenji zote mbili zikiwa unene mmoja washa inalala sawa na inabana sawa. Flenji ya heda ikiwa nyembamba kuliko ya kabureta, washa inainama, upande wa kabureta unabanwa, upande wa heda haubanwi, na wewe kila ukikaza nati unadhani unasaidia kumbe unazidi kuipinda washa. Moshi utavuja. Flenji ya heda ikiwa nene zaidi ndo mbaya kabisa, manake saa hiyo upande usiobanwa ni wa kabureta, injini inavuta hewa ya bure, inakuwa haitulii ikiwa imesimama, inapanda inashuka, unapeleka kwa fundi wa kabureta anazungusha skrubu wiki nzima na tatizo haliko kwenye kabureta.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza pima unene wa flenji ya manifoldi yako ya kabureta, pima sehemu tatu nne manake nyingine zimeshapigwa skimu, yaani kusawazishwa uso kwa mashine, huko nyuma, halafu mwambie muuzaji akupigie picha ya flenji ya heda ikiwa ndani ya meno ya vernia. Picha ya vernia, sio ya rula. Hata nusu milimita washa inaisikia. Ikiwa zimepishana kidogo na heda ni nzuri kwa mambo mengine yote usiiache, kuna dawa: washa zenyewe zinatengenezwa na mtu wa lethi zikiwa na ngazi, upande mmoja umeshuka kulingana na tofauti, au ile flenji iliyozidi inapelekwa kwenye mashine inapunguzwa. Lakini hiyo ni kazi ya kupanga kabla. Usiigundue gari ikiwa imefunguliwa nje kwenye mvua.

Kabla sijaenda kwenye mabomba, neno moja kuhusu manifoldi ya asili, ile ya chuma cha kumimina. Watu wanaitupa haraka sana. Ile ya 240Z ina matundu mawili ya kutokea chini, silinda 1, 2 na 3 zinatoka kwa lake, 4, 5 na 6 kwa lake, na haikuwa bahati nasibu. Injini hii inawaka kwa mpango wa 1-5-3-6-2-4, ukifuata hizo namba kwa kidole utaona zinapokezana, moja kutoka kundi la mbele, moja kutoka kundi la nyuma, kwa hiyo kila kundi linapata pumzi zake kwa nafasi sawa, digrii 240 kati ya moja na nyingine, hakuna silinda inayompulizia mwenzake. Kwa L24 ya kawaida yenye kabureta zake mbili za asili, ya kutembelea mjini na safari ya mara moja moja, ukipata manifoldi ya asili nzima isiyopasuka na flenji ikapigwa skimu, mimi nasema chukua hiyo. Ni kimya, haitoi joto jingi kwenye kabureta, haiozi upesi. Heda peke yake kwenye injini ambayo haijaguswa na bomba la nyuma bado lile jembamba la asili haitakupa tofauti ya kuandikia barua nyumbani. Ila ile iliyopasuka usidanganywe ichomelewe na mtu wa kawaida, chuma cha kumimina kinataka vijiti vya nikeli, kipashwe moto kwanza, kipoe polepole kabisa, na hata hapo mara nyingi kinapasuka tena pembeni ya kile kidonda.

Umeamua ni heda? Sawa. Sasa kuna sita-kwa-mbili-kwa-moja na kuna sita-kwa-moja. Ya kwanza mabomba matatu ya mbele yanaungana, matatu ya nyuma yanaungana, halafu hayo mawili yanakutana kuelekea nyuma ya gari. Hiyo ndo ya barabarani, inavuta vizuri kwenye mizunguko ya chini na ya kati ambako ndo unaendesha siku zote, sauti yake imetulia. Sita-kwa-moja yote yanakutana mahali pamoja, faida yake inakuja juu huko, injini yenye camshaft kali, ile shafti inayofungua vali, na kabureta kubwa tatu, na sauti yake ni ya kukwaruza, wengine wanaipenda, mimi baada ya saa moja kichwa kinauma. Kama gari si ya mashindano chagua ya kwanza, sioni sababu ya kuzunguka.

Upana wa mabomba watu wanaupenda mkubwa, na hapo wanapotea. Zinazouzwa nyingi ni za inchi moja na nusu, yaani milimita 38, au inchi moja na tano kwa nane, kama milimita 41, na zile za inchi moja na robo tatu, milimita 44 na kitu. Ukitoa unene wa ukuta wa milimita 1.5 kila upande na ukapiga hesabu ya uwazi wa ndani, ile ya 41 ina nafasi kama asilimia 20 zaidi ya ile ya 38, na ile ya 44 ina nafasi kama asilimia 40 zaidi. Wakati silinda moja ya L24 ina cc 399 hivi na ya L28 ina cc 459. Moshi kwenye bomba pana unapunguza mwendo, na ule mwendo ndo unaovuta moshi wa nyuma yake utoke, ukiupoteza gari inakuwa nzito kuondoka, unaisikia ukipanda kilima na gia ya tatu. L24 ya kawaida inatosheka na 38, L28 ya barabarani 41, hizo 44 ziache kwa wenye injini za mbio. Watakwambia pia urefu wa mabomba lazima uwe sawa sita zote, ni vizuri yakaribiane, lakini kwa gari ya barabarani usikatae heda nzuri kwa tofauti ya vidole viwili.

Ukuta wa bomba ndo uulize sana. Milimita 1.5 au 1.6 ni sawa, 1.2 ni nyepesi, inapiga kelele ya bati na inaoza mapema. Gonga kwa kucha kama uko nayo mkononi, nene inalia tofauti. Flenji isiwe bati, iwe chuma kinene kilichonyooka, iegemeze juu ya kioo cha meza uone mwanga unapita wapi, heda mpya kabisa unaweza kukuta imepinda kwa moto wa kuchomelea, hiyo inaskimiwa kabla haijafungwa, na kumbuka ukiiskimu unene unapungua, yaani unarudi kule kule kwenye habari ya washa.

Upande wa nafasi, wenye usukani kulia tuna bahati. Shafti ya usukani iko kulia, moshi uko kushoto, hazigombani. Wenzetu walioko Marekani au walioingiza gari za usukani kushoto ndo wana kazi, shafti inapita upande uleule wa mabomba, kwa hiyo ukinunua heda iliyotengenezwa kwa usukani kulia ukaifunga kwa gari ya kushoto unaweza ukakuta bomba limekaa mahali pa shafti. Uliza hilo neno kwa neno. Na gari zilizotoka Marekani nyingi zina vijibomba vya kupuliza hewa vilivyoingia kwenye manifoldi ya asili, heda nyingi hazina pa kuviweka, kwa hiyo jua utaviziba wapi.

Kimo. Hii ni habari yetu sisi. Kuna heda zimetengenezwa kwa nchi za barabara laini, pale mabomba yanapokutana kunaning'inia chini kuliko kitu chochote cha gari, tuta la kwanza la mtaani linagonga, linapinda, na ufa hautokei pale palipogongwa, unatokea juu kwenye flenji manake ndo pameshikwa. Pima gari yako ikiwa imesimama mahali sawa na watu wawili ndani, kutoka ardhini mpaka chini ya reli za chasisi, halafu omba picha ya heda ikiwa imefungwa kwenye gari, ipigwe kutoka pembeni kwa chini. Pale pa kukutania pasishuke chini ya zile reli, au pashuke kidogo sana. Ninapofikiria 240Z za mbio za Safari Rally, ile ya Edgar Herrmann na Hans Schuller iliyoshinda 1971, Shekhar Mehta na Mike Doughty wa pili nayo vilevile 240Z, halafu Mehta akaja kushinda mwenyewe 1973 na Lofty Drews, naona gari iliyopita kwenye mawe na matope ya Afrika Mashariki kwa maelfu ya maili, basi sisi tukiiwekea bomba linaloshindwa na tuta la mtaa wa Tudor tunaikosea heshima.

Joto sasa, na hapa usipite haraka. Kumbuka kabureta ziko juu ya moshi moja kwa moja. Kile chuma kinene cha asili kinashika joto ndani, heda yenye ukuta mwembamba inalimwaga nje, na linapanda. Ukikwama foleni ya Nyali saa nane mchana, petroli inachemka kwenye kabureta, injini inakohoa, ukizima haiwaki mpaka ipoe. Nairobi nako wako juu, kama mita 1,700, hewa ni nyepesi na petroli inachemka mapema zaidi hata kama hali ya hewa ni ya baridi kidogo. Kwa hiyo heda bila bati la kukinga joto kwenye gari hii sio heda kamili. Bati la asili lisitupwe, na likiwa halikai kwa sababu mabomba yamepinda vingine, kata bati jipya la alumini, liwe na nafasi ya hewa kati yake na mabomba, kidole kimoja angalau, likigusa bomba halina kazi tena.

Kisha kuna kupaka seramiki na kuna kufunga kitambaa cha kuzuia joto. Seramiki ni ghali lakini ndo ninayoipendekeza kwa moyo wote, ndani na nje kama unaweza, joto linabaki ndani ya bomba na chuma kinalindwa. Kitambaa kinazuia joto kweli, ila kinashika maji, na hapa pwani hewa yenyewe ina chumvi, heda ya chuma cha kawaida iliyofungwa kitambaa inaoza kutoka ndani ya kitambaa bila wewe kuona, siku ukifungua unakuta unga. Ukitaka kitambaa weka juu ya stenlesi, na gari isikae wiki mbili bila kuwashwa.

Stenlesi ya 304 haitakuozea, lakini ina tabia yake, inatanuka zaidi. Mita moja ikipanda digrii 100 inaongezeka kama milimita 1.7, chuma cha kawaida kama 1.2. Flenji ya silinda sita ni ndefu, joto lake linapanda mamia ya digrii, kwa hiyo matundu ya studi ya huku mwisho na kule mwisho yawe na nafasi, yawe marefu kidogo kwenda pembeni ili flenji iteleze. Yakiwa yamebana sawasawa studi ndo itakayopinda au kukatika. Bajeti ikiwa ndogo, chuma cha kawaida chenye ukuta wa 1.6 na seramiki kinaishi miaka mingi tu, usione aibu.

Kuagiza au kutengenezewa? Kutoka Japani kuna watu kama Fujitsubo wanaotengeneza za injini ya L mpaka leo, na Marekani zipo pia. Boksi lake ni kubwa kuliko uzito wake na kampuni za kusafirisha zinakuhesabia ukubwa wa boksi, kwa hiyo uliza nauli kabla ya kuuliza bei, wakati mwingine nauli na ushuru vinakaribia kuipita heda yenyewe. Mafundi wetu wanaweza, na nimeona kazi safi iliyotengenezwa hapahapa ikifungwa kwenye gari na kukaa, lakini tafuta anayechomelea kwa gesi ya argoni, na umpe hedi mbovu. Hedi iliyokufa, iliyopinda au kupasuka, bado ina studi mahali pake, aifunge mezani kama mtego, flenji iwe imekazwa kwayo kwa nati zote muda wote anapochomelea na ipoe ikiwa bado imekazwa, hivyo haipindi. Kona za bomba zipatikane zile zilizokunjwa kwa mashine bila kubonyea, kona iliyobonyea ni bomba dogo limejificha ndani ya bomba kubwa. Akikwambia atachomelea gari ikiwa imefungwa na hedi yake nzima, kwanza toa waya za betri na altaneta, pili jiulize kama huyo ndiye mtu wako.

Umepata heda, umeipima, inakubali. Siku ya kufunga studi za zamani ndo zitakazokusumbua, hasa ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa, hizo ndo hukatika. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu siku mbili tatu kabla, kila jioni, na uzilegeze injini ikiwa vuguvugu, polepole, mbele nyuma mbele nyuma. Hedi ni alumini, ukilazimisha inatoka na nyuzi zake, na hapo unahitaji helikoili, yaani nyuzi mpya za kupachika. Weka studi mpya zote, sio zile tu zilizokatika. Gasketi nunua ya hedi yako, ya mraba kwa mraba na duara kwa duara, zile za kukatwa na mkasi kutoka kwenye shiti zisikaribie hapa.

Weka heda kwenye studi kwanza bila gasketi, ikae kwa mkono, iingie studi zote bila kupigwa nyundo. Halafu weka gasketi, heda, manifoldi ya kabureta, washa nene zote, nati kwa vidole. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, mizunguko mitatu, kila mzunguko kidogo, mpaka kile kipimo cha kitabu cha injini. Tazama kila washa kwa tochi, iwe imelala. Bomba la nyuma lishikwe kwa braketi kwenye gia boksi, lisining'inie kwa heda, na mpira wa injini ukiwa umechoka ubadilishe siku hiyohiyo manake injini ikicheza heda itagonga mwili wa gari.

Washa. Itatoa moshi wa mafuta na rangi dakika kumi za kwanza, fungua milango ya gereji. Mwambie mtu azibe bomba la nyuma kwa kitambaa kinene sekunde mbili tatu, wewe sikiliza kwenye flenji kwa mpira mrefu sikioni, panapovuja utasikia. Kisha ikiwa inaunguruma nyunyiza maji kidogo kuzunguka flenji za kabureta, injini ikibadilisha sauti kuna hewa inaingia pale. Iache ipoe kabisa, usiku mzima, kaza tena. Endesha siku moja, ipoe, kaza tena. Baada ya kilomita mia mbili hivi kaza kwa mara ya mwisho, halafu toa plagi zote sita uzipange kwa mstari, manake moshi sasa unatoka kwa urahisi na mchanganyiko unaweza kuwa mwembamba kuliko zamani, plagi zikiwa nyeupe teremsha nati ya chini ya kila kabureta kidogo, zote mbili sawa, mpaka zirudi rangi ya kahawia kama biskuti.